Pesa za Derek Zilizoingia kwa Daniel

Gulnar, wakili wa mtaa wa Don Mills huko ughaibuni, mzaliwa wa Nakuru, hakuzunguka kwenye simu. "Derek, kosa ni la ofisi yangu. Pesa zako zimeingia kwa Daniel."

Derek Kuria alikaa pale pale kwenye ngazi za nyumba yake ya Downsview. Wiki iliyopita alikuwa amebadilisha mkopo wa nyumba hiyo. Benki mpya ilimpa Gulnar pesa azishike kwenye akaunti ya amana, amalize deni la benki ya zamani, kisha zinazobaki zimfikie Derek. Hizo zilizobaki zilikuwa na mwenyewe: mtu aliyemkopesha kwa riba kali alipokuwa hana kazi. Asipolipwa Ijumaa, anakwenda mahakamani kuidai nyumba. Na leo ni Jumatano, jamani!

Tusimlaumu sana msaidizi wa Gulnar. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu, kwa hiyo ndugu wawili wakizaa, babu mmoja anapata Kuria wawili. Hawa mabinamu wakapewa pia majina ya Derek na Daniel, wakanunua nyumba kupitia wakili huyo huyo, na kwenye kompyuta yake wote wakawa D. Kuria. Msaidizi akabofya wa kwanza.

"Zirudisheni basi!"

"Benki yake haizigusi bila yeye kukubali. Bima yangu italipa, lakini si kabla ya Ijumaa. Nimempigia. Anasema atakubali wewe ukienda kwake."

"Mama, mimi na Daniel hatuongei."

"Najua. Pole, mwanangu. Lakini nenda."

Hawakuwa wameongea kwa miaka, tangu baba yake Daniel, baba mkubwa wa Derek, alipofariki. Watu walikesha kwa Daniel wiki nzima, wakiomba, wakipika, wakichanga. Derek alisema yuko shifti, akatuma mchango kwa simu. Mchango mnono, tena wa kuwanyamazisha watu. Kesho yake ukarudi wote, bila neno hata moja. Derek alikasirika kweli kweli. Kwake, pesa zilizokataliwa zilikuwa tusi, na tusi hilo alikuwa amelilea kama mtoto.

Alhamisi mchana aliendesha gari hadi kwa Daniel, Thornhill, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Daniel alifungua mlango. Alikuwa amenenepa, na mvi zimemwingia kidevuni, na Derek akashtuka kuona jinsi alivyofanana na marehemu. Maneno makali yakamkauka.

"Nimekuja kwa ajili ya zile pesa," akasema, akibaki kwenye mkeka wa mlangoni na buti zake.

"Naona." Daniel alichukua simu, akampigia Gulnar mbele yake. "Ndiyo, nakubali. Zote. Leo." Akakata. Kumbe ilikuwa kazi ya dakika moja.

"Ungeweza kufanya hivyo jana," Derek akasema kwa hasira. "Sikulala! Watoto wangu wangetupwa nje!"

"Nisingekubali watupwe, wewe unajua. Lakini ningezirudisha jana, ungekuja?"

Derek akatazama buti zake.

"Baba alikubeba mgongoni wewe kabla yangu," Daniel akasema. "Wiki nzima kila mlango ukigongwa nilidhani ni wewe. Halafu simu ikalia, nikaona ni pesa. Ningezifanyia nini, ndugu yangu?"

Aibu ilimshika Derek mpaka masikioni. Ukweli ni kwamba siku zile hakuwa na shifti yoyote. Alimpenda mzee yule kupita baba yake mzazi, na alikuwa ameogopa kuangua kilio mbele za watu.

"Haya, wahi," Daniel akasema akifuta macho. "Najua leo una shifti."

Ni kweli, leo alikuwa nayo. Derek akatoa simu, akamwambia msimamizi wake kwamba amefiwa na baba mkubwa na leo hatafika kazini. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za buti.