Masahihisho ya Mkwe

Kwa miaka minne mzee Lutengano na mkamwana wake Jackline waliishi ua mmoja pale Uyole bila kuonana uso. Ndivyo ilivyo kwa Wanyakyusa wanaoshika mila: mke wa mwanao hakutazami, hakusemeshi, haingii chini ya paa uliloketi wewe. Akisikia kikohozi chako anageukia migombani. Ipyana, mwana wa mzee na mume wa Jackline, alipokuwa hai mwiko huo haukuwasumbua, maana alitoka nyumba hii kwenda ile akibeba salamu na vicheko. Alipokufa, kila mmoja akabaki na ukuta wake. Jackline aliweka chakula kwenye kigoda mlangoni, akagonga bati mara moja, akaondoka. Mzee alikula akisikiliza hatua za mtu pekee aliyebaki naye.

Halafu Jackline akaamua kurisiti, kurudia mtihani wa Kiingereza. Chuo kimoja cha uuguzi huko Iringa kilikuwa tayari kumpokea, ila cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na F ya somo hilo. Kumfunga mgonjwa kidonda kunataka mkono safi na moyo. Wakubwa wetu wameamua kunataka pia kujua mkato wa Kiingereza unakaa wapi.

Lutengano aliujua uchungu huo. Darasa la saba ndiyo elimu yake. Miaka ishirini na sita alipiga taipu katika ofisi ya serikali, Kiingereza akijifunzia kwenye barua za mabosi, na hakusahau dharau hata moja. Alimkumbuka afisa mwenye digrii aliyeandika ukurasa mzima bila nukta. Nukta akazitia yeye, sifa akala afisa. Aliikumbuka siku aliyoomba cheo akaulizwa mbele ya watu, "Cheti kiko wapi, bwana mchapaji?" Waliocheka siku ile angeweza kukutajia kwa majina, na viti walivyokalia.

Basi akamfundisha, kwa karatasi. Jioni aliacha sentensi kumi chini ya sahani tupu. Asubuhi zilirudi na uji, zimejibiwa. Alizisahihisha kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika: "Umeruka nukta tena. Msomaji atapumua wapi?" Siku moja akakuta jibu la penseli: "Samahani baba, maharage yalikuwa yanaungua." Alicheka mpaka machozi. Tangu msiba hakuwa amecheka hivyo.

Jumanne ya wiki ya mtihani, sentensi zote kumi zilirudi na makosa. Kwa Kiingereza, ukisimulia alichosema mtu, kitenzi sharti kirudi nyuma hatua moja, na "kesho" igeuke siku iliyofuata. Jackline aliziacha kama tunavyoziacha sisi: mtu akisema atakuja kesho, tunasimulia kwamba alisema atakuja kesho, na hakuna aliyewahi kupotea kwa hilo.

Mzee alishika kalamu muda mrefu. Uji ukapoa. Akijua hizi, anakwenda. Asipozijua, bati litaendelea kugongwa. Akaweka vema kumi.

Jumatano Jackline alisafiri kwenda Iringa kwenye mtihani, akafikia kwa shangazi yake Kihesa. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana Lutengano hakula viazi alivyoachiwa. Alitoka mbio mbio hadi sokoni kwa jirani yake Frida, muuza viazi, ambaye ndiye mwenye namba ya Jackline.

"Mpigie mkamwana wangu. Mwambie akisimulia maneno ya mtu, kitenzi kirudi nyuma."

Frida akapiga. "Mdogo wangu, baba anasema kitenzi kirudi nyuma." Akasikiliza. "Anauliza kirudi nyuma wapi. Nimwambie Uyole?"

"Hapana, wewe! Kiingie wakati uliopita."

"Baba Ipyana, Kiingereza changu mimi kinaishia gudimoni. Shika mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Simu ina uso? Haya, usishike." Akafungua spika, akailaza simu juu ya gunia, akamgeukia mteja. "Karibu mama, hivi vya Umalila, vitamu!"

Lutengano aliipa simu mgongo, akautazama ukuta wa kibanda.

"Ile karatasi ya Jumanne," akasema. "Nilikuwekea vema kumi. Zote ni makosa, na niliyaona."

Akasogea hatua moja karibu na ukuta.

"Sikutaka uende. Nyumba ile..." Akapitisha mkono usoni, akaanza kufundisha. Alizipitia sentensi kumi kwa kichwa, moja moja, kitenzi baada ya kitenzi, na alama za kunukuu zinapofutwa. Watu walipita na ndoo zao wakimshangaa mzee anayeuhutubia ukuta. Kwenye spika alisikia karatasi ikigeuzwa, na pumzi za mtu anayeandika haraka.

Alipomaliza, sauti ya Jackline ikatoka, nyembamba kuliko alivyodhani.

"Dada Frida, mwambie baba nimeandika zote."

"Anasema ameandika zote," Frida akapaza sauti, mkononi ana kopo la viazi.

"Nimesikia."

"Na mwambie sijakasirika."

"Anasema..."

"Nimesikia, Frida."

Matokeo yalitoka Januari: C. Jackline alikuja mara moja tu kuchukua vitu vyake, na kwa heshima ya mila mzee alitoka nyumbani saa nzima kabla. Alikaa sokoni akiangalia malori yakipanda kuelekea Iringa, mvua ikimnyeshea begani, mpaka Frida alipomfuata kumwambia mizigo imeshapakiwa, gari limeondoka.

"Una neno la kumwambia, nimpigie?"

"Hakuna."

"Na leo utakula nini?"

Lutengano alifikiri. "Sijui," akasema. "Viazi vinachemshwa muda gani?"