Chenji ya Mnada

Siku walipolichukua gari, Fundi Baridi alikuwa amelala chali nyuma ya friji kubwa la jikoni mwa hoteli, tochi mdomoni, akitafuta gesi inakovujia. Mpishi akaja akamgusa mguu.

"Fundi, kuna watu wanalifunga gari lako minyororo."

Alitoka mbio, mikono imejaa mafuta. Vijana wawili wa dalali walikuwa wameshapandisha magurudumu ya mbele kwenye gari la kukokota, na wa tatu, mwenye koti, akamwonyesha barua bila kumpa mkononi. Fundi hakuhitaji kuisoma. Kwa miezi kadhaa alikuwa amevaa miwani ya mbao kila kampuni ya mikopo ilipompigia simu. Nyuma yake mpishi, wahudumu na meneja wa hoteli, kikombe cha kahawa mkononi, walishajipanga mlangoni kutazama.

"Toa vitu vyako, mzee," alisema mwenye koti, tena kwa adabu kabisa.

Fundi akatoa mtungi wa gesi, sanduku la spana na ndala za mkewe, akavipanga chini kimoja kimoja. Halafu akawageukia wale wa mlangoni, akajichekesha.

"Wanalipeleka sevisi," akasema. "Siku hizi hata sevisi unafuatwa ulipo."

Meneja alikunywa funda la kahawa akaangalia pembeni. Kule kuangalia pembeni ndiko kulikomkata maini. Angemcheka ingekuwa nafuu.

Gari lile alikuwa amelipata kwa mkopo, baada ya miaka ya kuhangaika na mafriji ya watu juu ya mkokoteni wa kukodi. Kampuni ilitaka mdhamini mwenye mshahara, na katika ukoo wao mwenye mshahara wa uhakika alikuwa mmoja tu: dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki. Dada alitia saini akiwa amesimama, bado na sare ya kazini, akamwambia, "Usije ukaniaibisha tu, mdogo wangu." Msimu wa joto kazi ilikuwa ya kumwaga na marejesho yalikwenda vizuri. Baridi ilipoingia, mafriji yakaacha kuharibika, au wenyewe wakaacha kujali, na Fundi badala ya kujibana akawa ndiye dereva wa harusi zote na misiba yote. Alibeba wakwe, alibeba majirani, alipiga honi mbele ya nyumba asizokuwa na shida nazo. Alipenda kuonekana. Mafuta yalikula pesa ya rejesho, na mwezi usiolipwa ukafuatwa na mwingine.

Jioni ile alimwambia mkewe ukweli, lakini nusu.

"Wamelichukua. Basi, tumemalizana nao."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alisimamisha mikono. "Na wifi unamwambia lini?"

"Nimwambie nini? Kitu chao wamekichukua, deni limekwisha. Dada hana linalomhusu hapo."

Hakuwa akidanganya, ndivyo alivyoamini. Uongo aliusema kwa baba mkwe wake, mzee alipopiga simu kuomba kupelekwa hospitali. Alimwambia gari liko gereji, limeharibika giaboksi.

Wiki chache baadaye ukaja ujumbe kwenye simu: gari limeuzwa kwa mnada, afike ofisini kwa mahesabu. Fundi akaona mambo yamemnyookea. Alikuwa amelipa zaidi ya nusu ya bei, na matairi ya gari yalikuwa mapya. Lazima kuna chenji yake. Akavaa shati lake la harusi.

"Nikipewa hiyo chenji," alimwambia mkewe akifunga vifungo, "namnunulia dada zawadi kwanza, ndipo nimweleze. Atacheka tu."

Ofisi ya mikopo ilikuwa chumba kimoja chenye feni na benchi la wanaosubiri. Binti wa mikopo, mpole wa sauti, alimkaribisha kitini, akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Gari liliuzwa kwa bei ndogo, alieleza. Hapo zimetolewa gharama za dalali, za kulikokota, za maegesho, na riba ya miezi ambayo hakulipa.

Fundi alitikisa kichwa kwa kuelewa. "Sawa sawa. Kwa hiyo chenji yangu ni ngapi?"

Binti alimtazama kama anayejiuliza huyu anatania au vipi. "Mzee wangu, hakuna chenji. Pesa ya mnada haikulifuta deni. Kilichobaki bado unadaiwa."

"Mnanidai gari mlilonalo wenyewe?"

"Hatunalo. Tumeliuza."

"Basi mdaini huyo aliyelinunua!"

Kwenye benchi mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Fundi hakugeuka. Uso ulimwiva, na kola ya shati la harusi ikaanza kumkaba. Binti hakucheka. Alishusha sauti zaidi, na huruma ile ikamwumiza kuliko kicheko cha benchini.

"Tulikutafuta sana, simu yako haipokelewi. Jana ikabidi tumpigie mdhamini."

Fundi alitoka pale. Zile kelele za barabarani alizisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Kesho yake alikwenda kwa dada. Alifika, akaupitiliza mlango, akaenda hadi dukani, akanunua kiberiti asichokihitaji, akarudi. Dada alikuwa anapiga pasi sare zake. Hakuacha.

"Karibu," alisema, pasi ikiendelea kwenda na kurudi.

"Dada, ile simu..."

"Walinipigia natafuta mshipa wa mtoto. Walivyopiga mfululizo nikajua ni msiba. Nikaibana simu begani, nikaambiwa mimi ni mdhamini wa deni lisilolipwa. Wenzangu wote walisikia. Mama wa yule mtoto naye alisikia." Akageuza kola. "Wataanza kukata mshahara wangu mwezi ujao. Karo ya wanangu sijui nitaitoa wapi."

"Nisamehe, dada."

"Ungekuja mapema ukaniambia umekwama, ningekutukana, halafu ningekusaidia. Wewe ukaniacha nisikie kwa mtu nisiyemjua." Akaigeuza sare upande wa pili. "Na gari lenyewe nimelipanda mara moja tu. Tena nilikaa nyuma, nimekumbatia friji la mteja wako."

Fundi nusura acheke, kwa vile walivyozoea kutaniana tangu utoto. Akamtazama usoni. Dada hakuwa anatania.

"Utafanyaje?" dada aliuliza.

"Sijui."

Dada akachomoa pasi ukutani. "Kesho niko zamu ya jioni. Asubuhi tunakwenda wote. Na kuongea utaongea wewe. Mimi nitakaa tu."

Kweli, ofisini alikaa tu, mkoba mapajani. Fundi aliongea huku ulimi ukigongana na meno. Alieleza kazi yake, msimu wa joto na msimu wa baridi, na anachoweza kulipa bila kuongopa. Aliomba aelezwe kila gharama ilikotoka. Binti wa mikopo alipozipitia naye akaona maegesho yamehesabiwa hadi siku za baada ya gari kuuzwa. Akaingia kwa mkubwa wake, akatoka na hesabu iliyopungua. Haikupungua sana. Wakakubaliana deni ligawanywe kwa mwaka mmoja na nusu, na mshahara wa dada usiguswe maadamu Fundi hajaruka hata mwezi mmoja.

Ili kulipa rejesho la kwanza aliuza mafriji mawili aliyoyafufua mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale, ambayo alikuwa akiyatunza apate bei nzuri. Jumapili akaenda kwa baba mkwe, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Baba, gari haliko gereji. Lilichukuliwa kwa deni, na deni lenyewe bado nalilipa."

Mzee alivua kofia, akaipangusa vumbi isilokuwa nalo. "Tulijua, mkwe. Tangu wiki ile ile. Tulikuwa tunakusubiri useme."

Kumbe kila alipowasimulia habari za giaboksi, walikuwa wakimwitikia tu. Fundi alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye kucha zake.

Miezi ikaenda. Akarudi kwenye mkokoteni, akipita barabara zile zile alizokuwa akipigia honi. Wengine walimwita wamsalimie, wengine walijitia kushughulika na simu zao. Hakuruka rejesho.

Siku moja dada akapiga: friji lake halipoozi. Fundi alikwenda na sanduku begani, akafungua, akakuta kidude cha kuwashia kompresa kimeungua. Akakibadilisha, wakasikiliza wote wawili friji likianza kunguruma.

"Ngapi?" dada aliuliza.

"Jamani, dada. Toka lini?"

"Ngapi, fundi?"

Dada hakuwa amewahi kumwita fundi. Alitaja bei, akaitaja chini kidogo. Dada, ambaye bei ya sindano tu angeibishania mpaka muuzaji achoke, safari hii hakubisha. Akazihesabu pesa, akaziweka juu ya friji, akasogea ili azichukue mwenyewe.

Fundi alizichukua. Akakusanya spana, akazipanga moja moja na kuchelewa makusudi, pengine dada atasema kitu. Akabeba sanduku, akatoka mpaka kizingitini, na pale pale akazituma zile pesa kampuni kwa simu, asije akashawishika kuzifanyia jingine.

"Umekula?" dada akauliza kutoka ndani.

Mdomo ulishafunguka kusema ameshiba, kama alivyozoea kuwajibu watu siku hizi.

"Sijala," akasema.

Dada alisikika akifungua kabati la vyombo. Fundi akalitua sanduku, akarudi ndani, akala ameinamia sahani, naye dada amesimama dirishani akiangalia nje.