Vikonyo Vilivyowekwa Darini

Tusidanganyane: Mwanaidi binti Hashimu alikuwa bingwa wa kuanza mambo. Alianza cherehani, akaiacha na sketi nne zisizo na pindo. Akafuga kuku, kideri kikawapitia, akaapa hataki tena kuona yai. Akakaanga chipsi stendi ya Lushoto miezi miwili. Mafuta yalipomrukia mkononi, akafunga banda. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kijijini watu walikuwa wamechoka hata kumcheka.

Ndipo siku moja akaenda kununua mche wa parachichi kwa bibi Sesilia, mama wa Kilutheri wa kilima cha pili. Akamkuta amekata kijitawi cha mplamu, amekichonga ncha, anakipachika kwenye shina la mti mwingine na kukifunga kwa nailoni; ndiko kubebesha mti.

"Hiki ndicho kikonyo," bibi akasema. "Mwakani kitakuwa kinakula kwa mti wa watu na hakioni haya."

Parachichi likasahaulika. Mwanaidi alikaa pale mpaka alasiri, akachonga vijiti, akajikata kidole, akachonga tena. Moyo ulimtulia kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Kubebesha miti ni kazi yangu, alijiambia, na kwa mara ya kwanza hakwenda kumtangazia mtu.

Alimwambia baba yake tu, maana alihitaji mti. Nyuma ya nyumba palikuwa na mplamu mkongwe wenye matunda machachu ya kukunja uso, lakini mzee Hashimu aliupenda kwa kuwa uliachwa na marehemu mama yake. Mwanaidi aliomba aukate, abebeshe plamu tamu za bibi Sesilia. Mzee alilipapasa shina la mti.

"Kata," akasema. "Lakini hili nalo ukilitupa, utakwenda Mombo kwa kaka yako Issa, ukamsaidie dukani. Hapo usinibishie."

"Sitakubishia, baba."

Julai, baridi ikiwa imeshika milima, bibi akampa vikonyo kumi na viwili. Jioni hiyo hiyo yakaanza manyunyu, yakaendelea siku nane, na mti haubebeshwi ukiwa umelowa. Avitunze wapi? Hilo nalo la kumuuliza Msambaa? Mbegu ya mahindi hukaa darini, juu ya jiko, ipate moshi, wadudu wasiiguse. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Mwanaidi akavifunga kitita, akavipandisha darini. Siku ya tisa jua likatoka, akaukata mplamu, akabebesha vyote kumi na viwili kwa mkono thabiti, ungedhani ni fundi wa miaka mingi.

Kufika Septemba vyote vilikuwa vimekauka. Alikwangua ganda la kimoja kwa ukucha, akakuta kahawia mpaka ndani. Mzee Hashimu alisimama mbele ya kile kisiki, machozi yakimlengalenga. Mwanaidi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini hakujifungia chumbani kama ilivyokuwa desturi yake. Alishika njia ya kilima cha pili.

"Shikamoo, bibi. Vimekufa vyote."

"Marahaba. Uliviweka wapi wakati wa mvua?"

"Darini."

Bibi Sesilia alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu, umevikausha kama samaki. Mbegu imelala, kikonyo kiko macho na kina kiu. Hukaa kwenye mchanga mbichi, kivulini. Na mimi nina kosa, sikukwambia. Kisiki kinachipua?"

"Kinachipua."

"Bakiza machipukizi manne yenye nguvu. Julai ijayo yatabebesheka."

"Mwaka mzima, bibi?"

"Mwaka mzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Jumamosi Issa, aliyekwisha kupata habari, akapanda kutoka Mombo kumchukua. Alimkuta dada yake nyuma ya nyumba, ameshika mkasi, anapunguza machipukizi, na mzee amesimama kando.

"Begi liko wapi?" Issa akauliza. "Si mlikubaliana?"

"Tulikubaliana nikilitupa," Mwanaidi akajibu bila kuinuka. "Sijalitupa, kaka. Limenishinda mara moja, na kosa langu nimelijua. Nitabebesha tena Julai."

"Wewe? Usubiri mwaka? Chipsi zilikushinda kwa miezi miwili."

"Chipsi sikuzipenda. Hii naipenda hata ikinishinda."

Issa akamgeukia baba yake, akitegemea atamaliza ubishi. Mzee Hashimu aliinama, akayatazama machipukizi moja moja.

"Umebakiza mangapi?"

"Manne, baba."

"Bakiza matano. La tano usilibebeshe. Nautaka ule uchachu wa mama."

Issa alikunywa chai yake, akateremka Mombo peke yake. Mwanaidi naye akachukua ndoo, akaenda mtoni kuchota mchanga, na Julai ilikuwa bado miezi kumi.