Mkanda Chini ya Kitambaa

Chiriku alikuwa na miaka minne na mdomo usiojua likizo, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Leo, kwenye kitanda cha hospitali, alibakiwa na maneno mawili: "Miguu imelala."

Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Mifupa mizima. Mlisema alianguka wapi?"

"Kwenye kochi," mama yake akajibu. "Baba yake ndiye alikuwa naye. Na lenyewe fupi, daktari, hata kifaranga anaruka."

Fundi wa kushona viti vya magari, baba mtu, aliinamisha kichwa. Mkewe alishamkataza mara ngapi kumpakia mtoto kwenye magari ya wateja?

"Basi huenda ni woga. Wengine hugoma kutembea. Hebu tumsimamishe." Daktari akamshika mtoto makwapani. Miguu ikaning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Usimsimamishe," fundi akasema.

Wote wakamgeukia.

"Hakuna cha kochi. Nilikuwa naye kwenye gari la mteja. Mbuzi akakatiza, nikafunga breki. Akaruka, akapiga kichwa mbele, shingo ikajikunja. Akalia kidogo, akashuka, akatembea. Nikajua yameisha."

"Hamkufunga mkanda?"

"Upo chini ya kitambaa. Niliushonea humo kwa mkono wangu. Wateja wanasema unaharibu sura ya kiti."

Daktari alimlaza mtoto taratibu kama anayelaza yai, akaagiza kola ya shingo.

"Mifupa ya mtoto mdogo huvutika ikarudi," akasema. "Neva zilizo ndani ya uti wa mgongo hazivumilii hivyo. Picha inatoka safi, kumbe ndani kumeumia. Anahitaji kipimo kingine sasa hivi. Miguu ilianza kufa ganzi lini?"

"Saa nne asubuhi. Alisema inamchomachoma. Nikamwambia aache deko."

"Mimi uliniambia saa saba," mkewe akasema.

"Nilikudanganya, mama watoto."

Mkewe akamgeukia daktari. "Atatembea, daktari?"

"Siwezi kukuahidi, mama. Ningeyajua haya mapema, nisingemwinua."

Mkewe hakumtukana. Angemtukana, fundi angepata pa kushika. Alizunguka tu kitanda, akampa mgongo, akaukamata unyayo wa mwanawe.

"Unausikia mkono wa mama?"

Chiriku akatazama dari. "Uko wapi?"