Mlango Uliolala

Ukiingia sebuleni kwa Ruguru, ghorofa ya saba, pale Majimbo mjini Embu, ungedhani umeingia jumba la makumbusho lenye televisheni. Vibuyu vya uji vilikuwa vimetobolewa vikawa taa. Mizinga ya nyuki, ile ya magogo, ilikuwa imekatwa ikawa viti vya wageni wembamba. Vyondo vilitundikwa ukutani, havibebi hata kitunguu. Na katikati ya hayo yote, chini ya kioo kinene, palikuwa na meza ya mbao nyeusi ambayo kila mgeni aliipapasa kabla hajaketi.

"Hii ulitoa wapi?" wangeuliza.

"Huo ni mlango wa mama yangu," Ruguru angejibu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilingojea swali.

Hakuwa anadanganya. Mlango ulitoka Ishiara, nyumbani kwao. Marehemu baba yake, Mutugi, aliuchonga kwa mti wa mukau, mti ambao mchwa huuonja na kuutema. Aliuchonga mwaka ule nyoka alipoingia ndani na kumuuma mtoto wao wa kwanza akiwa amelala mkekani. Ruguru alikuwa bado kuzaliwa. Baada ya maziko Mutugi alikata gogo. Alishika tezo na patasi, akatengeneza mlango uliofika chini kabisa, ukabana kizingiti hata sisimizi akitaka kuingia ilibidi abishe hodi. Mkewe, Ciakuthii, aliufunga mlango ule kila jioni kwa miaka yote iliyobaki ya ndoa yake na yote ya ujane wake.

Ruguru alipoutaka, alijua akiomba atanyimwa. Kwa hiyo akasema anaupeleka kwa fundi wa mjini aupake dawa, kisha ataurudisha. Mahali pake akaweka mlango wa chuma, wa buluu, kutoka kwa wachomeleaji wa sokoni. Ciakuthii aliungoja mlango wake kama mtu anavyongoja mtoto aliyepelekwa hospitali.

Sasa kuna jambo moja ambalo Ruguru hakumwambia mtu. Siku mlango ulipofika chini ya jengo lao, Mukau Heights, ulikataa kuingia kwenye lifti. Ulizidi shibiri moja. Kulikuwa na ngazi, ndiyo, na vijana wenye mabega, lakini Ruguru aliona kona zile zote akaogopa mbao isije ikakwaruzwa. Fundi aliyeletwa kuugeuza meza akamtazama. Ruguru akasema, "Kata." Wakakata upande wa chini, pale pale kwenye maegesho, na kile kipande hakikutupwa, kilipigiliwa kulabu kikawa cha kutundikia funguo karibu na mlango wa kuingilia. Kilipendeza sana.

Kwenye jengo lile Ruguru alikuwa mtu wa kusikilizwa. Anafanya kazi ofisi za kaunti, anajua kusimama mbele ya watu. Muturi, mtunza jengo, alipoleta habari kwamba lifti imeanza kulia na fundi wake ametaka kamba na breki zibadilishwe, wakazi waliitwa mkutano. Mwenyekiti Murungi, mzee wa Kimeru mwenye biashara ya mbao, hakuzunguka.

"Watu wangu, hii kitty yetu ya michango haiwezi kufanya vitu mbili. Tulisema tutatengeneza lobby, na sasa kuna lifti. Ni gani?"

Ruguru akasimama. "Chairman, lifti inalia tu, haijakufa. Lakini mtu akiingia hapo chini anaona nini? Ukuta kama ya choo! Sisi ni watu wa hapa, tuko na heritage yetu. Tuweke kitu mgeni akiona ajue ameingia kwa wenyewe. Lifti tutafanya next year."

Walimpigia makofi. Ukumbi wa chini ukawekwa nguzo za mukau, mizinga mikubwa miwili, mikeka, taa za manjano, na ukutani maandishi ya shaba: MWACHA MILA NI MTUMWA. Ruguru ndiye aliyeichagua methali hiyo, akapiga nayo picha.

Mvua za masika zilipoisha, Ciakuthii akaanza kuvimba miguu. Hospitali ilitaka aonwe mara kwa mara, na Ishiara ni mbali, basi Ruguru akamleta mjini. Lazima tumpe haki yake: alimpenda mama yake. Alimnunulia blanketi nzito, maana baridi ya Embu si rafiki wa mtu wa joto la Mbeere, upande wa Ishiara, na alimpikia uji wa wimbi kwa mkono wake. Lifti iliwapandisha ikipiga kelele, mama akiwa ameshika nguo ya binti yake kwa mikono miwili.

Alipofika sebuleni hakuangalia vibuyu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Ruguru, huu si mlango wangu?"

"Ndio, Mama. Si umependeza?"

Ciakuthii aliinamisha kichwa upande mmoja. "Mbona umelala?"

Ruguru akacheka. Akaeleza jinsi watu wanavyousifu, jinsi utakavyodumu sasa ukiwa hauna jua wala mvua. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ni vizuri, na kwamba akirudi nyumbani atarudi nao.

Wiki ya tatu lifti ikafa. Haikuanguka na mtu, tunashukuru. Ilisimama tu kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ikatoa harufu ya kuungua, na Muturi akabandika karatasi. Murungi akasema pesa ziliishia kwenye lobi. Vijana walishuka na kupanda bila kulalamika sana. Lakini mwanamke wa miaka themanini mwenye miguu iliyovimba, yuko ghorofa ya saba, atashuka na nini? Miadi ya hospitali ikapita. Ruguru akawa anamletea dawa.

Ciakuthii akawa mtu wa dirishani. Huko juu hakuna udongo wa kukanyaga wala jirani wa kuitwa kwa sauti. Kila asubuhi aliuliza swali lile lile: "Tunaenda lini?" Na jioni, kabla ya kulala, alikuwa anautazama mlango wa ghorofani, ule mwepesi wa kiwandani, akivuta kitambaa na kukisokota chini yake.

"Mama, hapa ni juu, nyoka atapanda ngazi zote hizo?"

"Mimi nilipandaje?"

Nyamu, kaka yake Ruguru, mkulima wa ndengu huko Ishiara, naye alipiga simu kila mara. "Dada, mama mtamleta lini? Anasema hataki kufia kwa hewa."

Ruguru alikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa za kweli. Lifti. Kazi. Lakini iliyokuwa kubwa hakuitaja: kulikuwa na watu wa kupiga picha za nyumba nzuri waliokuwa wameahidi kuja, na sebule bila ile meza ingekuwa kama mdomo usio na meno ya mbele. Tena kuurudisha mlango ni kuonyesha ulivyokatwa. Ili wamwache apumue, akawaambia wote wawili kwamba Jumamosi mama na mlango watakwenda. Nyamu, kwa furaha, akaung'oa ule wa chuma siku hiyo hiyo, akaupeleka zizini kwa mbuzi.

Jumamosi ilipofika, wapiga picha nao wakafika. Ruguru alimwambia mama asubiri chumbani kidogo, waende Jumapili baada ya kanisa. Ciakuthii aliingia chumbani. Wageni walipokuwa wakisogeza taa na kumwomba Ruguru ashike kibuyu hivi, ashike hivi, bibi kizee alipita nyuma yao na mfuko wake wa nguo, akatoka. Hakuna aliyemwona. Walichosikia ni mshindo, halafu sauti nyembamba ngazini.

Walimkuta kwenye kona ya ghorofa ya sita, nyonga imevunjika. Kumketisha kwenye kiti hakukuwezekana. Kila walipomgusa alipiga kelele zilizofungua milango ya majirani. Ambulensi ilisema inakuja, na ikaendelea kusema inakuja. Muturi alishika kichwa.

"Tupate ubao mahali. Kitu ngumu, alale flat."

Ruguru alijua ubao uko wapi. Alipanda mbio, akaondoa kioo kwa mikono yake, wapiga picha wakamsaidia kuubeba. Wakamlaza Ciakuthii juu ya mlango wake, wakamfunga kwa vitenge vilivyokuwa mapazia, wanaume wanne wakainua.

Kushuka kulikuwa kwa polepole. Kila kona iliwabidi wainamishe upande mmoja, na mama akauma pindo la kitenge. Ruguru alishuka nyuma nyuma, upande wa miguuni, akiishika miguu ya mama isigonge ukuta. Ilikuwa inaning'inia nje ya ubao, visigino hewani.

Ghorofa ya nne, wabebaji wakapumzika. Ciakuthii akafungua macho.

"Miguu yangu imetoka nje," alisema.

"Tunakaribia, Mama. Vumilia."

"Ruguru. Tulipomzika mtoto nilikataa kulala chini. Baba yako aliulaza mlango juu ya mawe, nikalala hapo mpaka siku ya kuupachika. Ulinitosha mwili mzima, kichwa hata kisigino." Akavuta pumzi. "Umeukata."

Ruguru angeweza kusema ni mama aliyenyooka kwa maumivu, angeweza kusema lolote. Aliinama akaviegemeza visigino vile kifuani kwake. Wanaume wakainua tena, na mama hakumtazama tena mpaka chini, walipopita kwenye taa za manjano, wakigonga mizinga ile mikubwa kwa sababu iliziba njia.

Alikufa hospitalini kabla ya wiki kwisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Ruguru hayakungoja kuzaliwa, yalimjia yakiwa na ndevu. Alikaa sakafuni mwa sebule yake, pale meza ilipokuwa, akalia mpaka majirani wa chini wakasikia.

Mlango ulikwenda Ishiara juu ya pikapu, nyuma ya gari la maiti. Baada ya maziko, watu wakinywa chai chini ya turubai, Nyamu alichukua nyundo akaupachika kwenye bawaba zake za zamani. Uliingia vizuri, ukazunguka bila mlio. Akaufunga. Kisha akarudi hatua moja, akaangalia chini. Mwanga wa jioni ulikuwa unapita, na kuku mmoja akainama, akaingia ndani bila shida yoyote.

"Kipande kiko wapi?" Nyamu aliuliza.

"Embu," Ruguru akasema. "Ukutani. Nimetundikia funguo."

Nyamu alimfukuza kuku, akakung'uta mikono.

Giza lilipokaribia, akina mama wakaanza kuulizana nani atalala nyumbani kwa marehemu, maana haifai nyumba iachwe tupu siku ya maziko. Kila mmoja alitazama ule mwanya, akakumbuka ana kazi kwake.

"Nitalala mimi," Ruguru akasema.

Nyamu alimletea tochi na fimbo. Alivitegemeza kando ya kitanda cha mama yao, pale mkono unapofika.

"Ukisikia kitu kinakwaruza," alimwambia, "usishushe miguu."