Ukungu wa Kalunguta

Kyakimwa na mdogo wake Kavuo walilala kitanda kimoja huko Butembo. Siku moja majirani walimleta baba yao amekufa, kutoka shambani upande wa Beni. Waliomuua hawakujulikana. Baada ya matanga, Kyakimwa aliingia katika kundi la vijana walioandamana mikono mitupu, wakidai serikali ilinde watu. Kavuo alimcheka dada yake.

"Yaya, kuimba mu barabara haizuie mupanga."

Asubuhi moja kitanda kilikuwa kipana mno. Kavuo alikuwa ameingia msituni, kwa wale wapiganaji wanaonyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate.

Mwaka ukapita kama usingizi wa mgonjwa. Kisha Kyakimwa akapanda gari kwenda kuandamana Beni, pamoja na Étienne, mwalimu wa Butembo aliyetoka mbali, Kasai. Walipofika Kalunguta, ukungu ulikuwa umemeza migomba na barabara. Gari likasimama mbele ya mti mwembamba uliolazwa njiani. Vijana wakachomoza katika ule weupe, majani vichwani, bila kishindo.

"Huyu hapana mutu ya huku," mmoja akasema, akimvuta Étienne chini. "Ni mupelelezi!"

Kyakimwa akashuka, akamkumbatia mwalimu.

"Anafundisha batoto yetu. Mukitaka kumukata, muanzie ku mugongo yangu."

Panga likainuka.

"Muache!"

Aliijua sauti ile kabla ya kuona uso. Kavuo alikuja polepole, amekonda, bunduki begani. Wenzake wakampisha.

"Kuya turudi nyumbani," Kyakimwa akasema. "Mama anakungoja."

"Na nani atalinda bapapa ya bengine?"

"Papa hangekubali umulinde hivi."

Kavuo akamtazama Étienne, ambaye midomo yake ilikuwa ikisali bila sauti.

"Uko na batoto?"

"Babili. Ku Kasai, Mbuji-Mayi."

Kavuo akafumba macho. Ukungu ukapita kati yao kama maji. Kisha akauinamia mti, akausogeza mwenyewe. Gari likaondoka, Étienne ndani yake. Kyakimwa alipogeuka nyuma, hakuona mtu.

Masika yalipoisha, habari ikaja: Kavuo yuko kwa shangazi yao, huko Manguredjipa, hana bunduki tena. Kyakimwa alimkuta akimenya mihogo uani. Wakabishana tena, mchana kutwa. Kavuo bado hakuamini maandamano. Jua lilipolegea, akauliza, bila kuinua macho:

"Ule mwalimu, iko muzima?"

"Iko. Anafundisha."

Kisu kikamtoka mkononi. Alilia kwa muda mrefu, na dada yake akamalizia mihogo.