Birika la Meneja

Asubuhi ile Fundi Saa alipomaliza chai ya Shangazi bila kuitukana, nyumba nzima tulijua amepata dhahabu.

Msituite wambea. Mtu mmekaa naye miaka, kila kukicha anachungulia kikombe na kusema, "Mama, majani ya chai yaliingia humu au yalipita tu nje?" Leo anakunywa mpaka tone la mwisho, anafuta mdomo, anasema chai nzuri. Mngefikiria nini? Tena koleo lake lilikuwa limeegemezwa mlangoni, limeoshwa. Mtu anayetafuta haoshi koleo. Kinyozi alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikamkanyaga Mwalimu, habari ikawa imefika.

Shangazi alikuwa jikoni, upande wa pili wa dirisha la nondo. Nyumba yake zamani ilikuwa ofisi ya kulipia mishahara ya wachimbaji, na mpaka leo chakula anakitoa kupitia dirisha lile lile: unainama, unapokea sahani, unampisha mwenzio. Alimtazama Fundi Saa, akatazama kikombe kitupu, kisha akazima jiko.

Hapo nikajua anajiandaa kuachwa tena, na niwaeleze kwa nini. Mgodi ulipofungwa, mji ulihama siku moja. Malori yalikuja, watu wakapanda na magodoro yao, mume wa Shangazi naye akapanda, eti anamshikia nafasi. Shangazi alikuwa na sufuria la maharage ya zamu nzima motoni, akasema yaive kwanza. Yalipoiva, mji haukuwa na mtu, ila Mlinzi wa geti tu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia kazi imekwisha. Shangazi aliyala maharage yale peke yake mpaka yakachacha, akipiga soga na sufuria. Tangu hapo hapiki maharage. Gunia lililobaki amelifanya kiti.

Baadaye ikazuka habari kwamba meneja wa mgodi alificha birika lililojaa dhahabu, akaondoka bila kulichukua. Nani aliianzisha, haijulikani. Ukimuuliza Shangazi, anakumbuka ana vyombo vya kuosha. Lakini watu walikuja. Fundi Saa alikuja na kile kioo chake cha kubana jichoni. Kinyozi alimuaga mkewe kwamba harudi bila dhahabu, na kwa jinsi anavyomsimulia huyo mke, hana haraka. Mwalimu alipostaafu wanawe walianza kumpangia saa ya kulala, akafunga begi. Mimi, binti wa kaka yake Shangazi, ndoa yangu ilipovunjika nilikuja kupumzika wiki moja. Bado napumzika.

Tulichimba kila mahali. Sinema isiyo na paa, bafu za wachimbaji, uwanja wa mpira mpaka magoli yakalala chali. Udongo wa shimo jipya lazima ufukie shimo la zamani. Hiyo ni sheria ya Shangazi, aliyewahi kutumbukia na sufuria la mchuzi. Sheria nyingine aliileta Mwalimu, siku Kinyozi alipookota kitu kinachong'aa, tukafunga mizigo, tukala akiba yote ya stoo kwa furaha, kumbe ni kichwa cha bomba la maji. Tukakubaliana kwamba hakuna kitakachoitwa dhahabu mpaka mikono yote mezani inyooke.

"Lete," Shangazi alisema, akitoka jikoni anajifuta mikono.

"Nilete nini, mama?"

"Ulichopata. Au leo chai imekuwa tamu kwa maombi?"

Fundi Saa akaingia chumbani kwake, akatoka na kitu kimefungwa kwenye shuka. Akakiweka mezani kati ya mkate na chumvi, akafungua. Lilikuwa birika, limeota kutu, limebonyea tumbo.

"Nilikuwa natafuta pa kumzika panya," alisema kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. "Nikafukua shimo langu la zamani, lile la nyuma ya bafu."

Kinyozi akaacha kutafuna. "Si lile nililolifukia mimi kwa udongo wangu?"

"Ndilo."

"Kwa hiyo nililichota kwa koleo langu mwenyewe, nikakutupia wewe?"

"Na ulikuwa unaimba," Mwalimu alisema. "Nakumbuka."

Mwalimu akainua kifuniko. Kioo cha Fundi Saa kikazunguka meza, kila mtu akakibana jichoni, akachungulia, akampa mwenzake. Sitawaeleza rangi yake. Mnaijua.

Hakuna aliyecheka wala kukumbatia mtu. Tulikaa kama abiria waliofika mapema mno.

"Lile lori la kuni," Kinyozi aliuliza, "hupita kesho au keshokutwa?"

"Kesho," nilijibu.

"Basi."

Shangazi alivuta kreti, akaanza kufunga sahani kwenye magazeti, moja moja. Alipofika kwenye ile yenye ufa akaiinua juu. "Kinyozi, hii umeizoea. Utaichukua?"

"Ya nini, mama? Nyumbani sahani zipo."

"Haya." Akaifunga.

Mwalimu alikohoa. "Sheria ni sheria. Hatujapiga kura. Wanaosema hii ni dhahabu, wanyooshe mikono."

Hakuna mkono uliotoka chini ya meza.

"Mimi kwa jicho langu la kinyozi," Kinyozi alisema, "naona kama shaba."

"Shaba gani nzito hivi?" Fundi Saa aliuliza.

"Shaba iliyoshiba. Mwalimu, wewe si umefundisha kemia?"

Mwalimu alitazama birika, akatazama kreti. "Kitaalamu," alisema, "inahitaji utafiti zaidi."

Nami nikasema mwanga ni mdogo, na jua limetupiga usoni sote.

Akabaki Fundi Saa. Mkono wake ukaanza kupanda. Ukapita meza, ukafika begani. Shangazi aliacha kukunja gazeti, ila hakugeuka.

"Nikirudi," Fundi Saa alisema taratibu, "nitakaa kwenye kibanda changu nikisikiliza saa za watu. Chai nitachemsha mwenyewe, nitainywa mwenyewe." Mkono ukaendelea mpaka kichwani, akajikuna. "Kuna kitu kinaniwasha."

"Basi si dhahabu," Mwalimu akatangaza, akafunika birika.

Ikabaki kazi ya kulipoteza, maana huwezi kutafuta kitu kilichokaa karibu na chumvi yako. Kinyozi alitaka tulifiche kwa zamu. Mwalimu akamuuliza, huyo mwenye zamu ya kuficha atatafuta nini. Alitakiwa mtu asiyechimba, asiyesema. Nikaenda getini kumwita Mlinzi.

Alikuja na sare yake, kola imepigwa pasi. Alilishika birika, akalitikisa sikioni, akamtazama Shangazi.

"Hili tena?"

Mwalimu akasogeza chumvi pembeni.

"Nilifiche kama mara ile," akauliza, "au kama mara ile ya kabla yake?"

"Popote, mzee wangu," Shangazi alisema, ghafla akiona madoa kwenye meza. Sisi wengine nasi tukapata cha kutazama. Kinyozi kucha zake, Mwalimu dari. Mlinzi akatoka. Tukageukia ukutani mpaka viatu vyake visisikike tena.

Fundi Saa ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alijimiminia chai iliyokwisha kupoa, akaonja, akakunja uso. "Mama, haya majani uliyatia majini au uliyaonyesha tu?"

"Nipe hicho kikombe," Shangazi alisema.

Kinyozi alikwisha kubeba koleo. "Mimi leo naanza nyuma ya sinema."

"Nyuma ya sinema nilisema mimi."

"Ulisema lini, Mwalimu?"

"Ulipokuwa unaimba."

Wakatoka wanabishana. Shangazi akatoa sahani kwenye kreti, ile yenye ufa ikawa ya kwanza. Kisha akawasha jiko, akateremsha sufuria kubwa ambalo sikuwahi kuliona likitumika, akapiga magoti na kukata uzi wa gunia analokalia.

Alipomaliza kuchambua akainama kwenye dirisha la nondo, akawapigia kelele wale waliokuwa barabarani.

"Mchana ni maharage. Ya zamani, yatachelewa kuiva. Asiondoke mtu."